Taa zote zinawaka, gari inakataa: fundi anajibu maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka ugonjwa mmoja, mtu anageuza ufunguo, dashibodi inawaka vizuri, redio inaongea, lakini injini kimya. Nimechagua manne. La kwanza nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza pesa sana, na kusema kweli inaniuma kila nikisikia.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Niko Tororo, nina gari ndogo saluni ya petroli, oto, napelekea bidhaa Malaba na kurudi. Wiki tatu zilizopita asubuhi nimegeuza ufunguo ikalia tik mara moja halafu basi. Taa zinawaka, honi inalia, redio inaimba, hata feni ya ndani inazunguka. Jirani akasema betri imekufa, nikanunua mpya laki tatu na nusu, gari ikawaka siku mbili vizuri nikamshukuru Mungu, siku ya tatu tena tik. Makanika mwingine anasema stata imeungua nilete pesa ya stata. Sasa fundi, kama umeme uko mbona haiwaki? Na nikinunua stata nayo ikikataa itakuwaje? Watoto wanarudi shule wiki ijayo, nisaidie kabla sijatoa hata shilingi.
Msomaji wa Tororo

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu, pole sana. Hiyo pesa ya stata iache mfukoni kwanza, tuongee.

Tuanze na hilo neno lako, "umeme uko". Taa moja ya mbele ya wati 55 inakula kama ampea nne na nusu, redio na taa za dashibodi zinakula kidogo tu. Lakini stata, wengine mnaiita selfu, ikianza kuzungusha injini ndogo ya petroli inavuta kama ampea 100 mpaka 200, na ile nukta ya kwanza kabisa inapoanza kujivuta inavuta zaidi ya hapo. Yaani kazi ya taa na kazi ya stata haziko karibu hata kidogo. Ni kama mpira wa maji uliokunjika, maji ya kunawa mikono bado yanatoka, ukisema ujaze pipa utasimama hapo mpaka jioni. Waya iliyooza ikabaki nyuzi chache inawasha taa zako zote bila shida, ukiipa kazi ya stata inashindwa. Kwa hiyo taa kuwaka kunakuambia betri haijafa kabisa, na hakukuambii zaidi ya hapo.

Sasa angalia ulichoandika mwenyewe, gari iliwaka siku mbili baada ya kubadilisha betri halafu ikarudia. Hilo ndilo limenishika. Betri mpya ambayo iko chajiwa haifi siku mbili hivi hivi, labda kama kuna kitu kinainyonya usiku au altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, haichaji, na hata hapo ungeona taa zinafifia na stata inazunguka kwa uvivu kabla ya kukataa. Wewe hukuona uvivu, ulipata tik moja halafu kimya. Ninavyodhani, wakati wanabadilisha betri walifungua vibano vya waya kwenye vichwa vya betri, wakavizungusha, wakavikaza tena, chuma kikagusa chuma upya, gari ikawaka na sifa zote zikaenda kwa betri. Barabara ikatikisa siku mbili, vibano vikalegea, ukarudi pale pale. Inawezekana kabisa betri ya zamani ilikuwa nzima, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuna jambo lingine la betri ambalo wauzaji wengi hawasemi. Betri za Kijapani zina vichwa vya saizi mbili, vyembamba na vinene. Ukinunua betri yenye vichwa vyembamba na vibano vya gari yako ni vya vinene, mtu anakaza mpaka mwisho na bado kibano kinazunguka kwa mkono, basi anapachika msumari au kipande cha kopo la soda akikwambia twende. Msumari unagusa mahali padogo kama pa ncha ya kalamu, ampea 150 hazipiti hapo, panapata moto na panaungua. Kama uliwekewa msumari, toa leo leo, tafuta zile pete za risasi za kuvalisha kichwa au badilisha kibano chenyewe, ni kitu cha bei ndogo sana. Jaribu hivi: gari imezimwa, shika kibano kwa mkono uzungushe. Kikisogea hata kidogo, usiende mbali kutafuta ugonjwa.

Leo jioni giza likiingia fanya jaribio ambalo halina gharama. Washa taa za mbele, elekeza ukutani, mtu mmoja ageuze ufunguo kuwasha wewe uangalie ukuta. Taa zikififia sana mpaka karibu kuzima, ujue betri imechoka au kibano cha betri hakishiki, mara chache stata yenyewe imekwama. Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka haraka, hiyo ni betri dhaifu, inajitahidi inaanguka inajitahidi tena. Zikibaki na mwanga ule ule na ukasikia tik moja nzito, basi umeme mkubwa hauvuki kwenda kwenye mota ya stata, ugonjwa uko kwenye waya nene, kwenye ethi ya injini, yaani waya ya hasi inayofungwa kwenye injini, au ndani ya stata. Na kama taa hazibadiliki na hakuna sauti yoyote, hata tik, basi amri ya ufunguo haifiki kwenye stata, na hapo ukinunua betri au stata unatupa pesa.

Kama una mita au unaweza kuazima, pima betri asubuhi kabla ya kugusa chochote. Volti 12.6 imejaa, 12.4 iko sawa sawa, 12.0 imekwisha hata kama taa zinawaka. Kisha pima wakati mtu anageuza ufunguo. Stata inazunguka na volti zikashuka chini ya 9.6, betri haina nguvu. Volti zikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, betri imeshatoka kwenye kesi, usiruhusu mtu akurudishe huko.

Kusafisha vibano fanya mwenyewe. Spana namba 10, anza kutoa upande wa hasi, kurudisha hasi iwe ya mwisho, ni kwa ajili spana isije ikagusa bodi ukapiga shoti. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, maji yasiingie ndani ya betri, kausha, piga msasa kichwa na ndani ya kibano mpaka ving'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Watu wanapaka grisi kwanza ndipo wanakaza, na juu ya uchafu. Grisi haisafishi kitu.

Baada ya hapo fuata waya ya hasi mpaka mwisho wake, hapa ndipo mafundi wengi wanaruka. Inatoka betri inakwenda kwenye bodi, na nyingine inakwenda kwenye injini au gia boksi. Taa zako zinatumia ethi ya bodi, stata inatumia ethi ya injini. Ya injini ikioza, taa zinabaki nzuri kabisa na stata inakataa, ni picha ile ile uliyonichorea. Mimi hili lilinifundisha adabu Namawojjolo, tulisimama kununua kuku na gonja tukitoka Jinja, tumekula vizuri tunarudi kwenye gari, tik. Nilikuwa na mgonjwa ndani, mama mtu mzima, na mvua inaanza. Nikasafisha vibano, nikagonga stata, hakuna kitu. Mwisho nikachukua waya ya jampu, ile ya kuazima umeme wa betri ya gari nyingine, nikafunga upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande mwingine moja kwa moja kwenye chuma kitupu cha injini, nikageuza, ikawaka mara ya kwanza. Kumbe waya ya ethi kwa nje ilikuwa nzima, plastiki haina hata mkwaruzo, nilipoipasua baadaye ndani kulikuwa unga wa kijani. Tangu siku hiyo kabla sijamwambia mtu yeyote anunue stata nafanya jaribio hilo, ni dakika mbili. Lifanye na wewe. Gari ikiwaka hivyo, unahitaji waya ya ethi tu.

Kama vyote hivyo viko safi na tik moja bado ipo, sasa ndipo tuongee habari ya stata, na hata hapo si lazima mpya. Stata ina kichwa chake kinaitwa solenoidi na kina kazi mbili, kusukuma kigia kidogo kishike meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini, na kubana shaba mbili zigusane ili umeme mkubwa uingie kwenye mota. Ile tik unayosikia ni solenoidi inasukuma. Inafanya kazi ya kwanza, ya pili inashindwa. Kwenye stata za gari nyingi za Toyota hizo shaba zinalika polepole kila unapowasha, upande mmoja unaisha kabla ya mwingine, siku moja inagusa siku nyingine haigusi, mtu anageuza ufunguo mara tano mara kumi halafu inawaka ghafla kama hakuna kilichotokea. Shaba hizo zinauzwa peke yake, ulizia soko la vipuri la Kisekka ukifika Kampala au mtume mtu, na fundi anayejua anabadilisha bila kutupa stata. Akifungua mwambie aangalie na kaboni, zile brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota, zikiwa fupi abadilishe hapo hapo, si vizuri kufungua mara mbili.

Njia ya kujua kama ni kaboni au shaba: mtu ashike ufunguo kwenye kuwasha, wewe gonga bodi ya stata kwa mti wa nyundo, polepole, si kwa hasira. Ikiwaka, kaboni au shaba zimekwisha na una siku chache za kwenda kwa fundi. Hakikisha gia iko P, hendibreki imevutwa, na nguo yako haiko karibu na mkanda. Lakini ile tabia ya kulala chini ya gari na bisibisi kuunganisha stata moja kwa moja, nakuomba sana usifanye. Stata ikipewa umeme hivyo haiangalii gia iko wapi, gari inaweza kuondoka na wewe uko chini yake, na cheche karibu na betri ni hatari, betri inatoa haidrojeni.

Halafu kwa sababu gari yako ni oto, siku ikikaa kimya kabisa bila tik, weka breki, sogeza gia kutoka P kwenda N, jaribu tena. Oto inaruhusu kuwaka kwenye P na N tu, kuna swichi kwenye gia boksi inayoangalia hilo, na ikichakaa P inaweza kukataa na N ikakubali. Ikikubali, umepata ugonjwa bila kufungua boneti. Ikikataa pia, fundi aangalie fyuzi na rilei ya stata, yaani swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi, na swichi ya ufunguo. Rilei mara nyingi ina pacha wake pale pale kwenye boksi, ya honi kwa mfano, ukiona namba zake zinafanana unabadilishana nazo kwa jaribio.

Ukishafanya jaribio la ukuta na la ethi niandikie umeona nini, tutaendelea kutoka hapo.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mama wa biashara Arua. Gari yangu stata inazunguka kwa nguvu kabisa, wu-wu-wu, taa ziko, betri mpya, lakini haishiki. Kijana wa garaji anasema ni stata pia. Ni kweli?
Mama wa Arua

JIBU: Marahaba mama. Hapana, si stata. Stata kazi yake ni kuzungusha, na wewe unasema inazungusha kwa nguvu, imemaliza kazi yake. Injini ya petroli ikizunguka bila kushika inakosa kitu kimoja kati ya mafuta, moto wa plagi, au mpangilio wa vali, na wakati mwingine gari yenyewe imekataa ufunguo.

Anza na ufunguo maana ni rahisi. Gari nyingi ufunguo una chipu ndani, na kuna kataa, yaani taa ndogo, ka ufunguo au ka kufuli kwenye dashibodi. Kakiendelea kupepesa baada ya kuwasha swichi, gari haijautambua ufunguo. Tumia ule wa akiba, na toa funguo nyingine zilizofungwa pamoja nao.

Kisha mafuta. Mama, usiamini geji, ongeza lita tano, hasa kama gari imelala mahali penye mteremko. Na kama uliweka petroli ya jerikeni siku za karibuni niambie ukweli tu, maji na taka vinakaa chini ya tangi na hapo ndipo pampu inavuta. Mtu afungue kifuniko cha tangi asikilize wakati unageuza ufunguo, pampu nzima ina mlio mdogo wa kuvuma. Kimya kabisa, aangalie fyuzi iliyoandikwa EFI na rilei yake kabla hajashusha tangi. Ukinusa petroli nyingi nyuma kwenye ekzosi, basi mafuta yanafika, moto ndio haupo, atoe plagi aangalie kama zimelowa, na asisahau sensa ya krankishafti, hiyo ikifa injini haijui ipige moto saa ngapi na mara nyingi inaanza kukataa injini ikiwa na joto.

La mwisho, sikiliza huo mlio. Kama ghafla stata inazunguka kwa wepesi kuliko zamani, laini bila mapigo kama cherehani, acha hapo hapo usiendelee kuwasha. Inawezekana taiming belti, mkanda unaoendesha vali, imekatika, na kwenye injini nyingine kuendelea kuzungusha kunapiga vali. Siku zote usizungushe zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, pumzisha dakika moja, vinginevyo huyo kijana atakuja kuwa sahihi kwamba stata imeungua.

SWALI: Mzee, naendesha taxi ya dizeli Kabale, ni ya zamani, pampu ya kawaida. Asubuhi ya baridi inazunguka wee haishiki, mchana inashika. Umeme uko.
Dereva, Kabale

JIBU: Hita plagi, zile za kupasha injini ya dizeli joto kabla ya kuwaka, ndugu yangu, baridi yenu ya asubuhi inazitaka. Washa swichi, subiri kale kataa ka waya iliyojisokota kazime, ndipo uwashe. Kama hakawaki kabisa fundi aanze na rilei ya hita. Kila plagi aipime peke yake kwa testa, maana zikifa mbili kati ya nne gari bado inawaka mchana unadhani ziko nzima. Na kama siku moja itakataa hata mchana, washa swichi bila kuzungusha, mtu asikilize kwenye pampu ya dizeli, lazima kuwe na tik moja ya ile solenoidi ya kufungua mafuta. Ikiwa haipo, umeme haufiki hapo au solenoidi imekufa, na utazungusha mpaka betri iishe.

SWALI: Fundi, niko Malaba, gari yangu ndogo betri imeshuka, malori ya transiti yamejaa hapa. Niombe dereva wa lori anipe jampu? Au vijana waisukume? Ni oto.
Msomaji, Malaba

JIBU: Hapana kwa vyote viwili, na nakuandikia kwa msisitizo kwa sababu nimeona kompyuta za gari zikiungua hivyo. Malori makubwa yale yanatumia volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa kwa mfuatano, gari yako ni ya volti 12. Na oto haiwaki kwa kusukumwa, pampu ya mafuta ya gia boksi inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima gia haishiki.

Tafuta gari ndogo kama yako. Waya nyekundu chanya ya betri yako, upande wa pili chanya ya betri nzima. Nyeusi hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri yako, iweke kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Gari ya mwenzako iachwe inguruma dakika tano kabla ya wewe kuwasha. Ikishawaka toa kwa kurudi nyuma, ya mwisho kufungwa iwe ya kwanza kutoka, na kabla hujaondoka weka mita kwenye betri ikiwa injini inanguruma, ukiona kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji unaweza kusafiri. Ukiona 12 na kitu, usivuke mpaka nayo, tafuta fundi hapo hapo Malaba.